"Shonen" haimaanishi salama kwa mtoto

Kwenye vibanda vya Dar vya kujazia flashi, mzazi akiomba katuni za Kijapani za watoto huenda akapewa folda ya "shonen", akaondoka moyo mweupe. Hapo ndipo anapopotea. Shonen maana yake ni mvulana: hutaja wasomaji ambao jarida la manga, yaani katuni za Kijapani za kuchapwa, linawalenga, haipimi picha zilizomo. To Love Ru, iliyojaa mizaha ya kingono, ilitoka 2006 hadi 2009 katika Weekly Shonen Jump, jarida la wavulana. Chi's Sweet Home, hadithi ya mtoto wa paka aliyepotea, ilichapwa katika Morning, jarida linalolenga wasomaji watu wazima!

Basi tafuta jina mtandaoni kabla ya kukopi. Ukikuta neno "ecchi" (mizaha ya kingono), achana nayo; ukikuta "harem" (mhusika mmoja anayezungukwa na wapenzi wengi), ichunguze. Kwenye manga za Viz, mchapishaji wa Marekani, kuna herufi za umri: A ni ya wote, T kuanzia miaka 13, T+ 16, M 18. Herufi hizo huchanganya damu na ngono, kwa hiyo soma na sababu zake. Faili la kukopi, bahati mbaya, huja bila herufi yoyote. Na usipime kwa sehemu ya kwanza tu. Ruka hadi ile ya ufukweni au ya bafu za maji moto, ambayo mara nyingi imefichwa katikati ya msimu.