Ngumi Haikomai kwa Kupiga Ukuta

Wiki iliyopita nilimpokea bondia chipukizi kutoka Kisauni, kifundo cha kidole chake cha mwisho kimezama ndani ya uvimbe. Akanieleza kwamba alikuwa akikomaza mkono kwenye shina la mnazi nyuma ya nyumba yao, kwa kuwa aliambiwa mfupa ukipigwa sana hugeuka chuma. Wengine hutumia ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao hata ukiupapasa tu kwa kiganja unakukwaruza. Nimewatibu mabondia wengi wa Mombasa wenye maelezo hayohayo, na nimechoka kuwaona wakiumia kwa jambo linaloepukika.

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mfupa hujiimarisha kulingana na mzigo unaoubeba, lakini hufanya hivyo polepole, kwa miezi, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo na mapumziko yakiwepo. Ukuta hauna kidogo kidogo. Haubonyei, kwa hiyo kishindo chote humwishia mpigaji mkononi, mkono wenyewe ukiwa na mifupa 27 midogo, na mara nyingi kinachokatika ni shingo ya mfupa wa kiganja unaoshika kidole cha mwisho, ambao ni mwembamba na haukushikiliwa imara kama ule wa kidole cha shahada au cha kati. Tena gegedu linalofunika ncha za mifupa kwenye viungo halina mishipa ya damu, hivyo likichakaa halirudi lilivyokuwa. Kijana anaponiambia kwamba siku hizi haumii akipiga ukuta, ninachokiona ni ngozi iliyoota sugu na mtu aliyezoea maumivu. Sugu ni ya ngozi. Mfupa na kiungo haviioti.

Kinachokomaza ngumi ni gunia, mikono ikiwa imefungwa bandeji vizuri na kuvishwa glavu, pigo likitua kwenye vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, huku kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka sawa na kigasha. Anayeanza apige nusu ya nguvu zake kwa wiki kadhaa, hata kama wenzake wanamcheka.

Dhana nyingine inayoniudhi ni kwamba kidole kinachocheza hakijavunjika. Kinaweza kucheza na mfupa umekatika. Kunja vidole taratibu ukiangalia kucha: ncha zote nne zinapaswa kuelekea upande wa shina la kidole gumba, na kimoja kikipanda juu ya mwenzake, mfupa umejipinda. Nenda kapigwe eksirei kabla mtu yeyote hajaukanda au kuuvuta mkono huo.

Kuhusu nguvu ya kushika, wengi hubinya mpira kutwa nzima na kukaza ngumi tangu mwanzo wa pigo hadi mwisho. Ngumi iliyokazwa muda wote huchosha kigasha na kupunguza kasi; hukazwa pale inapogusa. Misuli inayofumbua vidole pia husaidia kukiimarisha kifundo cha mkono, nayo mpira hauizoezi. Mimi hupendekeza ndoo ya mchanga mkavu, au mchele kwa asiyekaa karibu na ufuo: zamisha mkono, fumba vidole kwa nusu dakika, kisha vifumbue dhidi ya mchanga kwa nusu dakika, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki.

Kuloweka mikono kwenye maji ya chumvi ili ikomae, jambo ambalo hata Jack Dempsey, bingwa wa zamani wa dunia wa uzani wa juu, alilifanya, hufanya kazi kwenye ngozi pekee. Kualisha vidole hakuleti ugonjwa wa viungo, mradi hakuna maumivu.

Kijana wa Kisauni amefungwa plasta kwa majuma manne. Ikifunguliwa ataanza na ndoo, na gunia litasubiri hadi aweze kufumba ngumi kamili bila maumivu.