Kusainishwa kwa vitisho hakuufuti mkataba wenyewe

Watu wengi wanadhani ukitishwa ukasaini basi huo mkataba ni karatasi tupu, unaenda zako kulala. Hapana jamani. Kwenye sheria za asili ya Kiingereza kwa kawaida unabaki hai mpaka wewe uliyeonewa uukatae, na ukichelewa unaweza kuikosa hiyo haki. Mfano mzuri ni kesi ya meli Atlantic Baron: dola ilishuka thamani 1973, wajenzi wakataka waongezewe 10% la sivyo kazi inasimama, wenye meli wakakubali kulipa huku wakilalamika, halafu wakapokea meli 1974 na wakakaa kimya kama miezi 8 ndo wakadai hela yao. Korti ikasema ndiyo, mlibanwa kweli, ila kwa kukaa kimya mmeukubali wenyewe. Inauma!

Ushawishi usiofaa nao wala hauhitaji mtu akunyooshee panga. Anayekushawishi anaweza kuwa mpole kabisa, tena unayemwamini, mfano wakili wako au daktari wako, na ukimpa kitu kisichoelezeka kirahisi, yeye ndo atatakiwa aonyeshe uliamua kwa hiari yako.