Je, wajua kwa nini dawa ya maumivu haizimi moto wa nyayo?

Mama yangu mdogo anaishi Ujiji, na ana kisukari cha miaka mingi. Usiku kazi yake ilikuwa moja: kutoa miguu nje ya shuka, kuiweka kwenye sakafu ya saruji ipoe, kisha kuirudisha kitandani. "Mwanangu, ni kama nimekanyaga makaa," aliniambia. "Na mchana ndala ikinivuka sina habari." Moto usiku, ganzi mchana, miguu ileile. Panadol alimeza, diklofenaki akameza. Dawa hizohizo zilizowahi kumtuliza jino hazikugusa nyayo hata kidogo.

Sababu ni kwamba maumivu hayo mawili hayana asili moja. Jino likioza au kisu kikikukata, sehemu iliyoumia hutoa kemikali zinazoamsha mishipa ya fahamu, nayo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo hadi ubongoni. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Lakini kwenye nyayo za mama mdogo hakukuwa na kidonda. Kilichoharibika ni mpeleka habari mwenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu huanza kufa, na mirefu zaidi hutangulia. Ule unaofika kidoleni huanzia kiunoni, karibu mita nzima. Penye mshipa uliokufa panakuwa na ganzi. Ule uliojeruhiwa tu hupiga kelele bila kuguswa, na ubongo husikia "moto" mahali ambapo hakuna moto. Mkanda wa jeshi, virusi vya UKIMWI, ukoma na pombe ya kupindukia vinaweza kuleta hali hiyohiyo.

Kliniki walimwandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku. Jirani akasoma karatasi ya ndani ya boksi: dawa ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Mama mdogo aliumia sana. "Kwa hiyo wamenichukulia mimi nimechanganyikiwa?" Kidonge kikakaa kabatini wiki mbili.

Laiti angeelezwa mapema. Ubongo wetu una njia yake ya kutuma amri kwenye uti wa mgongo ili kupunguza kelele za maumivu, na amri hizo husafirishwa na kemikali mbili, noradrenalini na serotonini. Amitriptilini huzifanya zikae kazini muda mrefu zaidi. Kemikali hizohizo zinahusika na furaha na huzuni ya mtu, ndiyo maana dawa ilianza kwenye sonona. Kwa maumivu ya neva, yaani ya hiyo mishipa ya fahamu, huanzwa na dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25, chini kabisa ya ile ya sonona, na inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuihukumu.

Lakini tunajuaje kwamba inasaidia kweli? Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, wanaweza kutufundisha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika. Sasa mtu anunue wavu mpya mwezi ukiwa mpevu, giza lirudi, apate dagaa tele. Akiusifu wavu, wenzake watamwambia atazame juu kwanza. Maumivu sugu nayo yana mwezi wake: hupanda na kushuka yenyewe. Nasi hukimbilia dawa siku yamepanda kabisa, kwa hiyo chochote tutakachotumia siku hiyo, kiwe kidonge au mzizi, kitavuna sifa ya kushuka kwake.

Dawa ya ugonjwa huo wa kudanganyika ni kulinganisha. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa, jingine kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa nini. Mwaka 2014 Australia ilitoa matokeo ya watu 1,652 waliokuwa wameanza kuumwa mgongo. Waliokunywa parasetamo walipona kwa takribani siku 17, na waliokunywa kidonge kitupu siku 16. Mwezi uliondoka wenyewe.

Amitriptilini na ndugu zake walivuka mtihani huo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015, uliokusanya majaribio 229 ya dawa za maumivu ya neva, ulikuta kwamba katika kila watu wanne hivi wanaopewa dawa za kundi hilo, mmoja hupata nafuu ya angalau nusu ambayo kidonge kitupu kisingempa. Kwa gabapentini na pregabalini ni mmoja katika saba hivi. Jaribio la Uingereza la mwaka 2022, kwa wagonjwa 130 wa kisukari, lilikuta amitriptilini, duloksetini na pregabalini zinakaribiana nguvu, na kuongeza ya pili kuliwasaidia wale ambao moja haikuwatosha. Hesabu hizi si za kushangilia sana, nakiri. Wengi hupunguziwa moto, hawazimiwi. Nayo amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo, na mwenye shida ya moyo, presha ya macho au tezi dume lazima amwambie daktari kabla hajaimeza.

Na vile vidonge vya vitamini B ambavyo kila duka la dawa hukushauri? Vina kazi pale vitamini inapopungua kweli: anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu hupewa B6 ili kulinda neva, na metformini ya miaka mingi inaweza kushusha B12. Nje ya hapo ushahidi ni mwembamba. Tena B6 nyingi kupita kiasi huharibu neva zilezile. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti watu saba walioipata ganzi hivyo.

Kuchua kwa mawese nisikudharau. Tangu mwaka 1965 wanasayansi Melzack na Wall walieleza kwamba hisia za kuguswa zinaweza kubana mlango wa maumivu kwenye uti wa mgongo, na mkono wa mjukuu unaochua taratibu unafanya hivyo bila kumdhuru mtu. Kinachonitisha ni kukanda kwa maji ya moto. Pale kliniki nesi alimgusa mama mdogo nyayoni kwa uzi mwembamba wa plastiki, amefumba macho, sehemu kumi. Alisema "naam" mara tatu. Mguu wa namna hiyo unaweza kuungua kwenye beseni, mwenyewe akiwa anapiga soga.

Sasa anakunywa kidonge chake saa mbili usiku, na analala hadi alfajiri siku nyingi, si zote. Beseni likiletwa, hatii mguu mpaka mjukuu atumbukize kiwiko kwanza.