Je, wajua kwa nini wanawake hawaishi kufa katika hadithi za Edgar Allan Poe?

Jibu la haraka ni kwamba Poe alifiwa mno, basi akaandika vifo. Lina ukweli wake. Ila ziweke tarehe za misiba yake kando ya tarehe za hadithi zenyewe, utaona haziendi pamoja kirahisi hivyo.

Misiba ilikuwa mizito kweli. Alizaliwa Boston, Marekani, Januari 1809. Mama yake, Elizabeth, mwigizaji wa jukwaani, alifia Richmond Desemba 1811, mtoto hajatimiza miaka 3, na baba alikwisha kuwaacha. Akalelewa na mfanyabiashara wa tumbaku, John Allan, ambaye hakumfanya mwana kisheria wala kumwachia chochote katika wosia. Frances, mke wa Allan, akafariki Februari 1829. Poe, wakati huo askari, alifika wamekwisha kuzika. Mwaka 1836 akamwoa binamu yake, Virginia Clemm, binti wa miaka 13. Januari 1842 Virginia alikuwa akiimba, mara damu ikamtoka kinywani. Kifua kikuu kikamsumbua miaka 5, hadi kilipomuua tarehe 30 Januari 1847.

Sasa angalia hadithi. "Berenice" na "Morella" zilichapishwa 1835, "Ligeia" 1838, "The Fall of the House of Usher" 1839. Zote zina mwanamke anayedhoofika na kufa, au kudhaniwa amekufa, na kaburi halimtulizi. Zote zilitoka kabla ya damu ile ya Virginia. Kwa hiyo anayekwambia Ligeia ni picha ya mke mgonjwa amezisoma tarehe kinyumenyume. Ukitaka marehemu aliyetangulia hadithi hizo, yuko mama mzazi, yuko na Frances.

Soko nalo lilikuwa na mkono wake. Katika "Berenice" mtu anang'oa meno yote 32 ya mchumba wake aliyezikwa angali hai. Lawama zilipozuka, Poe alimwandikia mwenye jarida, Thomas White, Aprili 1835: akakiri kwamba amezidisha, akasema hadithi ilitokana na dau aliloshindana na mtu, kisha akamkumbusha kuwa mambo ya aina hiyo ndiyo yanayouza majarida.

Kilichobadilika mwaka 1842 ni damu. Miezi 4 tu baada ya Virginia kukatika wimbo, ikatoka "The Masque of the Red Death". Mle mna ugonjwa wa kubuni, Kifo Chekundu: maumivu makali, kizunguzungu, damu kutoka vinyweleoni, na ndani ya nusu saa mgonjwa amekata roho. Kifua kikuu hakiui hivyo. Kinasubirisha: mgonjwa anapata nafuu, nyumba inachangamka, kisha damu tena. Poe mwenyewe aliieleza mizunguko hiyo ya tumaini na kukata tamaa katika barua ya Januari 1848. Usidhani kusubiri huko kumeachwa nje ya hadithi. Mwanamfalme na wageni wake wamejifungia jumbani wakicheza dansi, kuukwepa ugonjwa. Katika chumba cha 7, cheusi chenye vioo vyekundu, imesimama saa kubwa ya mpingo. Kila inapogonga, wapiga muziki wananyamaza, wachezaji wanasimama, nyuso zinapauka. Mlio ukiisha wanacheka na kuendelea kucheza. Kwa maoni yetu hapo ndipo nyumba ya Virginia ilipo, kuliko katika damu yenyewe.

Na ile sura ya Poe kama kichaa mlevi aliyeandika ndoto zake? Pombe alikunywa, na ilimdhuru. Lakini sehemu kubwa ya picha hiyo ni kazi ya Rufus Griswold, hasimu wake, aliyeandika tanzia ya kumchafua Oktoba 1849 akijificha kwa jina la Ludwig, halafu akaghushi vifungu vya barua za marehemu. Uongo huo ulianikwa wazi na mwandishi wa wasifu, Arthur Hobson Quinn, mwaka 1941.

Shairi la kunguru, "The Raven", la mwanamume anayemlilia Lenore aliyekufa, lilichapishwa Januari 1845, Virginia yu hai. Mwaka uliofuata Poe akaandika insha kueleza alivyolitunga, kwa baridi ya fundi anayepima ubao: alilenga mistari kama 100, ikawa 108, akatafuta neno la kurudiarudia lenye sauti nzito, akachagua kifo cha mwanamke mrembo kwa kuwa hakuna mada ya kishairi kuipita. Insha nzima haimtaji Virginia. Ilipotoka, Aprili 1846, alikuwa amebakiza miezi 9.