Maabara pepe ni nini?

Neno "pepe" wengi tumelizoea katika barua pepe. Mkulima wa mpunga analijua kwa maana nyingine: punje iliyo ganda tupu, isiyo na kiini. Walimu wenzangu kadhaa hapa Nairobi huichukulia maabara pepe kwa maana hiyo ya pili, kwamba ni michoro tu ya kuwapumbaza watoto. Nafundisha fizikia, na naona hawajaitendea haki.

Maabara pepe ni programu ya kompyuta au simu ambamo vifaa vya jaribio vimechorwa, na nyuma ya michoro zimewekwa kanuni za sayansi zenyewe. Mwanafunzi akibadilisha kitu kimoja, programu hupiga hesabu upya na kumwonyesha matokeo papo hapo. Hapo ndipo inapoachana na video. Video ya jaribio huleta jibu lile lile kila ikichezwa, lakini maabara pepe mtoto huiuliza swali lake mwenyewe ikamjibu.

Chukua saketi ya kawaida: betri, balbu, waya na ammita, kifaa cha kupima mkondo wa umeme. Uliza kidato cha tatu, mkondo ukishapita kwenye balbu hubaki kiasi gani? Wengi watasema umepungua, kwa sababu balbu imekula umeme. Kosa hilo linaeleweka. Nyumbani tunasema friji inakula stima, na tokeni zinaisha kweli. Basi huwafungulia PhET, maabara pepe za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001. Wanaweka ammita kabla ya balbu, wanasoma. Wanaihamishia upande wa pili: namba ni ile ile. Na ndani ya waya wanaona elektroni, chembe zinazobeba umeme, zikichorwa kama vitone vya buluu, vikiingia kwenye balbu na kutoka bila hata kimoja kupotea. Kilichotolewa pale ni nishati. Ammita halisi ingewapa namba hiyo hiyo, ila elektroni zisingeonekana, na bila kuziona wengi huikariri namba bila kuiamini.

Si kila jaribio linahitaji skrini. Jiwe likining'inizwa kwa uzi wa mita 1 kwenye fremu ya dirisha litakwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi, na saa ya simu inatosha kulipima. Hilo tulifanye kwa mikono. Lakini mtoto akiuliza mwezini ingekuwaje, hapo skrini ina kazi: anapunguza nguvu ya mvutano, na mbembeo ule ule unachukua karibu sekunde 5.

Kuna yale ambayo maabara pepe haifundishi kamwe. Kulegeza koki ya bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo, mpaka lidondoke tone moja tu, lile linalobadilisha rangi ya chupa nzima. Kushusha jicho liwe sawa na mstari kabla ya kusoma. Kutafuta waya uliolegea wakati balbu imekataa kuwaka. Karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hupima mikono hiyo, na shule inayonunua kompyuta ikaacha kununua bureti imewanyima watoto haki yao.

Kuhusu bando, nyingi za programu hizi hupakuliwa mara moja, kisha zinafanya kazi bila intaneti, na PhET ina tafsiri za Kiswahili. Kipakatalishi kimoja na projekta vinatosha darasa zima, mradi mwalimu asikimbilie kubonyeza. Kwangu, kila mmoja huandika kwanza daftarini anachodhani kitatokea, kwa kalamu ya wino, ili asije akafuta.