Kosa la mwisho kwenye skrini silo lililokukwamisha: kujenga kompaila mtambuka ya ARM

Wanaojenga GCC (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kutoka msimbo chanzo ili kompyuta ya kawaida ya x86_64 iwatolee programu za bodi ya ARM ya biti 64, kama Raspberry Pi 4, huniletea karibu wote picha ya mstari mmoja: `make: *** [all] Error 2`. Mstari huo hauna habari yoyote. `make`, programu inayoendesha hatua za ujenzi, inaripoti tu kwamba amri iliyo chini yake imeshindwa. Kosa lenyewe lilishapita mistari mingi juu, na kama umetumia `-j8`, yaani kazi nane kwa pamoja, limefunikwa na maandishi ya kazi nyingine zilizokuwa zikienda sambamba nalo.

Basi hifadhi kila kitu: `make -j8 2>&1 | tee jenga.log`, kisha litafute kosa la kwanza. Usipoliona, endesha `make` tena bila `-j`. Itasimama palepale, safari hii kosa likiwa mbele ya macho yako.

Mpangilio wa kazi unajulikana: binutils (zenye asembla na linka), halafu GCC ya awali ya lugha ya C peke yake, heda za kerneli ya Linux, glibc (maktaba ya msingi ya C), na mwisho GCC kamili. Ugumu uko katikati. Glibc haijengeki bila kompaila, na kompaila kamili haijengeki bila glibc. Makosa mengi yanayowakatisha watu tamaa huzaliwa kwenye fundo hilo.

Yaliyo mepesi nayataja haraka. GCC ikilalamikia maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC, ingia kwenye saraka ya msimbo uendeshe `./contrib/download_prerequisites`. Glibc ikisema haina bison au gawk, zisakinishe. Ukiona `Killed` karibu na `cc1plus`, kumbukumbu ya mashine imekwisha, msimbo hauna tatizo. Punguza namba ya `-j`. Na usijenge kamwe ndani ya saraka ya msimbo chanzo. Fungua saraka nyingine pembeni.

Sasa tuje kwenye kosa linalowasumbua wengi kuliko yote: `configure: error: cannot compute suffix of object files: cannot compile`. Hujitokeza GCC inapoanza kujenga libgcc, maktaba yake ndogo ya msaada. Maneno hayo yanapotosha, maana tatizo halihusu kiambishi cha faili hata kidogo. Kompaila uliyoijenga dakika chache zilizopita imejaribiwa kwa programu ndogo, ikashindwa. Sababu imeandikwa, ila si kwenye skrini, wala si kwenye `config.log` ya saraka ya juu ambayo watu huifungua kwanza. Iko kwenye `aarch64-linux-gnu/libgcc/config.log`, ndani ya saraka ya kujengea.

Ukiifungua, mara nyingi utakuta moja kati ya mambo mawili. La kwanza, `cc1`, sehemu ya GCC inayoshughulikia msimbo wa C, imeshindwa kupata maktaba kama `libmpc.so.3`, kwa sababu uliiweka mahali ambapo mfumo hautafuti. La pili, na ndilo mzizi wa fitina mara nyingi, ni `as: unrecognized option '-EL'`. Hapo asembla iliyoitwa ni ya kompyuta yako, ya x86, nayo haiijui chaguo ya ARM. GCC haikuiona asembla ya binutils ulizozijenga. Linganisha `--prefix` (saraka ya kusakinishia) na `--target` (mashine lengwa) ulizoipa binutils na ulizoipa GCC, herufi kwa herufi. `aarch64-linux-gnu` na `aarch64-unknown-linux-gnu` humaanisha mashine ileile, lakini ni saraka mbili tofauti. Hakikisha pia `$PREFIX/bin` iko mwanzoni mwa `PATH`. Ukisharekebisha, futa saraka ya kujengea yote uanze upya, kwa kuwa `configure` hukumbuka majibu ya zamani.

GCC ya awali ikilalamika kwamba haioni `stdio.h` au `crti.o`, inatafuta glibc ambayo bado haipo. Isanidi kwa `--without-headers --with-newlib --disable-shared --disable-threads --enable-languages=c`, ujenge `all-gcc` na `all-target-libgcc` tu.

Kwenye glibc naomba umakini zaidi. Wengi huendelea kuandika `--target`, kumbe hapa inatakiwa `--host=aarch64-linux-gnu`, kwa sababu glibc haitoi msimbo wa mashine yoyote; yenyewe ndiyo itakayokaa kwenye ARM. Isanidi kwa `--prefix=/usr`, kisha usakinishe kwa `make install DESTDIR=$SYSROOT`, ambapo sysroot ni saraka inayoiga mfumo wa bodi ya ARM. Ukiisahau `DESTDIR` huku ukitumia `sudo`, unaweza kuharibu maktaba za kompyuta yako mwenyewe hata isiwake tena. Kazi hii yote haihitaji `sudo`. Ifanyie ndani ya saraka yako ya nyumbani.

Wengine huiambia glibc `--prefix=$SYSROOT/usr`, na mambo huonekana sawa hadi GCC ya mwisho, ambapo linka husema haioni `libc.so.6` ilhali faili unaiona kwa macho. Fungua `libc.so` kwa kihariri cha maandishi. Ni faili fupi ya maandishi yenye njia za maktaba halisi. Kwa kuwa imo ndani ya sysroot, linka hutanguliza njia ya sysroot mbele ya kila njia iliyoandikwa humo. Kama njia hizo tayari zina sysroot, zitajirudia mara mbili na kuelekea pasipo na kitu.

GCC ya zamani ina mkasa wake. Matoleo ya 4.x yana msimbo ambao C++17 inaukataa, na GCC kuanzia toleo la 11 hutumia C++17 au mpya zaidi usipoiambia vingine. Ipe `CXXFLAGS="-O2 -std=gnu++98"`. Libsanitizer, maktaba ya GCC ya kunasa makosa ya kumbukumbu, ikikwama kwa sababu ya `ustat`, ambayo heda yake iliondolewa katika glibc 2.28, weka `--disable-libsanitizer`.

Ukimaliza, kusanya programu ndogo ya C kwa kompaila yako mpya, kisha uendeshe `aarch64-linux-gnu-readelf -l` juu yake. Kipakiaji (programu inayopakia maktaba programu yako inapoanza) kinachotajwa kinapaswa kuwa `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`. Kama njia hiyo ina jina la saraka yako ya nyumbani, programu haitaanza kwenye bodi.