Je, wajua kwa nini barua pepe zako hubaki ofisini hata baada ya wewe kuhama kazi?

Dada mmoja aliyekuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Tanga alinijia hapa Ngamiani, simu mkononi. "Kaka, barua zangu za miaka miwili sizioni. Majibu ya vipimo vya mama, mkataba wa kiwanja, zote hazipo." Nikaifungua akaunti. Kweli, kikasha kilikuwa na barua za tangu aache kazi tu. Za nyuma ya hapo hata moja haikuwemo. Hakuwa ameibiwa. Zilikuwa zimelala ndani ya kompyuta aliyoiacha mezani kwa watu.

Ilikuwaje? Fikiria sanduku la posta. Wengi wetu hatuna sanduku letu, tunaazima S.L.P. ya ofisi. Tarishi huenda Posta, hulifungua, hurudi na barua mkobani. Barua pepe nazo zina sanduku lake, yaani seva ya kampuni inayokupa anwani. Siku unapoingiza anwani yako binafsi na nywila kwenye Outlook au Thunderbird ya kazini, umeifanya programu hiyo kuwa tarishi wako. Na matarishi hao wako wa aina mbili.

Wa kwanza anaitwa POP. Alizaliwa mwaka 1984, wakati ambapo nafasi kwenye seva ilikuwa ndogo na watu wengi waliunganishwa kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo alifundishwa kufika, kubeba kilichopo, kulisafisha sanduku na kuondoka, ili mwenye barua azisome kwa utulivu kwenye mashine yake. Wa pili ni IMAP, aliyebuniwa na Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Huyu huziacha barua kwenye seva na kukuonyesha zilizomo, ndiyo maana simu na kompyuta huona kitu kimoja.

Unamjuaje aliye kwako? Fungua mipangilio ya akaunti utazame namba ya mlango (port) wa kupokelea barua: 995 ni POP, 993 ni IMAP. POP huwa na kisanduku cha kutia tiki ili nakala zibaki kwenye seva. Kwa yule dada, mtu aliyemwekea akaunti hakutia tiki hiyo, basi kila asubuhi alipowasha kompyuta, barua zilikuwa zinahama.

Mimi siku zote humshauri mtu achague IMAP, lakini asidhani amemaliza. Programu nyingi za IMAP nazo huhifadhi nakala kwenye diski ili usome hata intaneti ikikatika. Na hapa ndipo watu wengi hushtuka ninapowaeleza: kubadilisha nywila hakuzifuti nakala hizo. Nywila mpya humzuia tarishi asirudi tena Posta. Zile alizokwisha kuzileta zinaendelea kusomeka kwa yeyote atakayekaa kwenye kiti chako.

Ndiyo maana naona ni salama zaidi kusoma barua zako kwenye simu yako. Ukilazimika kutumia kompyuta ya kazi, fungua kwenye kivinjari, kikikuuliza kama kihifadhi nywila kikatalie, na ukimaliza utoke kwenye akaunti. Kufunga dirisha tu si kutoka. Ukisahau, akaunti ya Google hukuonyesha, ukiwa na simu yako, orodha ya vifaa vilivyoingia, na unaweza kukitoa cha ofisi ukiwa hata Pangani.

Ukihama kazi usianze kufuta barua moja moja kwenye IMAP, maana ukifuta pale zimefutika na kwenye simu. Ondoa akaunti nzima kwenye programu. Kwa POP, nakili barua zako kwanza, kisha ujue kwamba Outlook hubakiza faili linaloishia na herufi pst hata akaunti ikishaondolewa. Nalo lifutwe kwa mkono.

Yule dada alimpigia bosi wake wa zamani, akaomba kwa adabu. Bahati yake ile kompyuta ilikuwa haijapigwa Windows upya. Tulilikuta faili la pst, tukalinakili kwenye flashi. Kwenye mashine yangu niliweka akaunti yake upya kwa IMAP, nikalifungua lile faili kando yake, tukazikokota barua kutoka folda la zamani kwenda jipya, nazo zikaanza kupanda kwenye seva kidogo kidogo. Bando liliisha mara mbili. Karibu na magharibi alishika simu, akapekua hadi chini, akanionyesha karatasi ya vipimo vya mama yake.